Mrejesho: pikipiki ya kukodi Hanoi

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama ni busara kukodi pikipiki Hanoi kwa siku tatu, maana nimezoea kuendesha Mwanza tu. Nimerudi salama, na nawashukuru sana.

Yule aliyesema siku ya kwanza nitembee kwa miguu alinisaidia kuliko wote. Nilisimama karibu na ziwa Hoan Kiem nikitazama tu. Pikipiki ni kama mto: hakuna anayesimama ghafla, wanapishana kwa mwendo mdogo na honi, ambayo kule ni taarifa, si matusi.

Nilichukua ndogo isiyofika cc 50, ambayo sheria ya Vietnam haiidai leseni. Duka la kwanza walitaka nibaki bila pasipoti, nikaondoka. La pili walikubali amana ya fedha taslimu, na nilipiga picha kila mchubuko mbele ya mwenye duka kama mlivyonielekeza. Wakati wa kurudisha hakukuwa na ubishi hata kidogo.

Kilichonitesa ni kuendesha kulia. Kila nikikata kona mwili ulitaka kwenda kushoto, hasa asubuhi kabla sijachangamka. Halafu nikafika daraja la Long Bien, la mwaka 1902, na pale pikipiki hupita kushoto! Nilijisikia nyumbani kabisa, reli katikati, Mto Mwekundu chini.

Bia sikugusa. Kule kiwango cha pombe kwa dereva ni sifuri.