Miezi mitatu napandisha Nguvu kutoka 70 hadi 79, faida hakuna! Watunzi wa michezo ya dadu, hii ni dhuluma

Wakuu, habari za jioni. Nimetoka mezani sasa hivi hapa Mbeya na hasira haijashuka.

Kikundi chetu hukutana kila Jumamosi. Tunacheza mchezo wa kuigiza wahusika, wa dadu na karatasi, uliotungwa na mwenzetu kwa Kiswahili, visa vyake vyote vya huku kwetu. Kwa hilo namheshimu sana. Ila vipimo vya sifa alivyoviweka havivumiliki.

Kila sifa ya mhusika, kama Nguvu au Busara, ina alama 1 hadi 100. Ukitaka kufanya jambo, unarusha dadu ya pande 20, kisha unajumlisha sifa yako iliyogawanywa kwa 10, baki inatupwa. Mhusika wangu ni kuli wa soko la Mwanjelwa. Alianza na Nguvu 70. Nikajinyima kila kitu, alama zote za uzoefu nilizopata kwa kucheza nikazimwaga kwenye Nguvu, nikafika 79. Sabini inakupa 7. Sabini na tisa inakupa 7 ileile! Sasa alama tisa niliuziwa za nini?

Leo ndiyo ikawa basi. Mashindano ya kupandisha gunia la viazi kwenye Fuso, mimi na mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye Nguvu 31. Kanishinda. Msimamizi wa mchezo akasema ni bahati mbaya, tuendelee.

Si bahati. Nimekaa na kalamu nikahesabu. Dadu mbili za pande 20 zina matokeo 400. Mimi nina 7, mtoto ana 3, na katika matokeo 120 jumla yake inazidi yangu waziwazi. Mara tatu katika kila kumi, mwanafunzi anamshinda kuli kubeba gunia! Hiyo dadu haina katikati, 1 na 20 zina nafasi sawa na 10. Tungerusha dadu mbili za kawaida za pande 6 kila mtu, kwa nyongeza zilezile, angenishinda mara 126 katika 1,296, yaani hata moja katika kumi haifiki. Namba za kwenye karatasi ni zilezile, kuli anakuwa kuli. Upana wa kipimo na dadu lazima vipangwe pamoja, haiwezekani ukaokota kimoja huku na kingine kule.

Dungeons & Dragons, mchezo wa Marekani wa aina hii hii, toleo la mwaka 1974 lilikuwa na sifa za 3 hadi 18 kwa sababu walijumlisha dadu tatu za pande 6. Namba ilizaliwa na dadu zenyewe. Kumi na nane hutokea mara 1 katika 216, ukiiona unajua huyu si mtu wa kawaida. Toleo la mwaka 2000 likaleta nyongeza inayopanda kila baada ya alama mbili, kwa hiyo 14 na 15 zote zinakupa 2, na wapo wachezaji ambao hawakupenda. Hao walipoteza alama moja. Mimi tisa!

Nilipomwambia mtunzi, akajibu kwamba alama 100 kila Mtanzania anazielewa, ni kama shuleni. Haya, shuleni kidato cha nne 45 ni C na 29 ni F. Kwenye kitabu chake mtu mzima wa kawaida ana 20. Dada mmoja mgeni alitengeneza mganga mwenye Busara 45, akaomba msamaha kwamba mhusika wake ni dhaifu, kumbe ndiye mwenye busara kuliko wote mezani. Kipimo kimemdanganya kabla hajarusha dadu hata moja. Sisi watu wa viazi tunaijua lumbesa, gunia ni moja kwa jina lakini ndani huwezi kujua kuna nini.

Ninachotaka ni ngazi tano au sita, kila moja iandikwe inaweza nini. Moja, anabeba ndoo ndogo ya maji. Tatu, anabeba debe la mahindi kutoka shambani mpaka nyumbani. Tano, anajitwika gunia bila kusaidiwa. Ukipanda ngazi, meza nzima ione umepanda.

Na alama zangu tisa nirudishiwe nizipeleke kwenye sifa nyingine. Bila hivyo Jumamosi ijayo siendi.