Naombeni ushauri: nataka kumtumia mume wangu kifurushi, yuko misheni Afrika ya Kati

Mama Nuru

Habari zenu wapendwa. Mume wangu ni askari, yuko Berberati, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na kikosi chetu cha walinda amani. Ana mwezi wa tano sasa. Tuna watoto wawili. Huyu mdogo alikuwa anatambaa baba yake anaondoka, leo anakimbia.

Tunaongea karibu kila siku mtandao ukikubali. Wao wako nyuma yetu kwa saa mbili, kwa hiyo nikimaliza kulaza watoto saa nne, kwake ndiyo kwanza saa mbili usiku, ametoka kula. Wiki iliyopita nikamuuliza amekula nini. Akasema, "Chakula kipo." Basi. Huyu ni mtu ambaye akila kitu kizuri anakusimulia mpaka na wewe unasikia njaa. Nililala nalo neno hilo.

Nilishajaribu kumtumia mzigo mwanzoni kupitia wakala mmoja hapa mjini. Alichukua hela, akaniahidi siku kumi. Baada ya wiki tisa mzigo ukarudi kwangu, haujafika hata Bangui, mji mkuu wao. Visheti vimeota ukungu, na mfuko wa achari umepasukia kwenye shati nililomshonea. Nililia, sioni haya kusema.

Sasa kuna mwenzake yuko likizo, amekubali kunibebea akirudi, ila kilo tatu tu. Niweke nini, niache nini, nifungeje? Mama mkwe anataka dagaa waende, mimi naogopa harufu.

(Nimehariri: nimefuta tarehe ya safari.)

MzeeWaDoria

Binti yangu, pole kwa yaliyokupata. Umefanya vizuri kufuta ile tarehe haraka. Siku ya safari, jina la mbebaji, idadi ya watu kambini, picha ya geti, hayo hayaandikwi mahali pa wazi hata kama nia ni njema.

Mimi ni mstaafu. Mwaka 2013 nilikuwa Goma, kule Kongo, kwenye ile brigedi iliyoundwa na azimio 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, sisi Watanzania na wenzetu wa Afrika Kusini na Malawi. Kule ukitoka nje ya kambi unasalimia kwa Kiswahili, unajibiwa kwa Kiswahili. Unga upo, sambaza wa Ziwa Kivu wapo sokoni, na redio za watu zinapiga nyimbo unazozijua. Unaikumbuka nyumbani, lakini hujioni mgeni sana.

Berberati ni kwingine. Mwanangu amekwenda na amerudi salama, ndiyo maana nasema. Ukitoka getini ni Kisango na Kifaransa, na muhogo ndio chakula cha watu. Nilipomuuliza nimtumie nini nikidhani atasema chakula, akasema, "Baba, nitumie magazeti. Ya michezo. Hata ya mwezi uliopita." Nikakusanya manane. Aliniambia yalizunguka chumba kwa chumba mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo, na kuna kijana alikuwa anasoma mpaka matangazo ya viwanja.

Mumeo hafi njaa, mgao wa Umoja wa Mataifa unafika. Usifikirie tumbo peke yake. Weka kitu cha kusoma.

BintiPangani

Dada Mama Nuru, dagaa waende! Mama mkwe yuko sahihi, ni namna ya kuwaandaa tu.

Toa vichwa, osha kwa maji ya moto, anika jua kali siku mbili. Kisha wakaushe kwenye sufuria kavu, moto mdogo, bila tone la mafuta, ukigeuza kila mara, mpaka ukimvunja mmoja anakatika kwa sauti. Hapo tia chumvi, pilipili ya unga na ndimu kidogo, rudisha jikoni wakauke tena. Halafu, na hapa ndipo wengi tunapokosea, waache wapoe KABISA, hata usiku mzima chini ya kitambaa. Ukifunga kitu chenye joto, mvuke unageuka maji ndani ya mfuko, na kwa siku chache ukungu umeshaingia. Nina hakika hicho ndicho kilichoua visheti vyako. Sehemu zile ni za msitu na mvua nyingi, unyevu hauna huruma.

Tumia kopo la plastiki la mfuniko wa kuzungusha, lizungushie mfuko mmoja, halafu wa pili. Harufu haitoki. Mimi hutuma hivyo kwa mdogo wangu Muscat kila mwaka.

Kashata peleka za karanga, za nazi zinachacha upesi. Ubuyu unafika vizuri. Achari sahau safari hii. Kama ni lazima, pika pilipili ya kukaanga uikaushe mafuta.

MamaWawili_Dom

Shoga yangu, mimi nimepita huko, wangu alirudi mwaka jana. Usimuulize "nikutumie nini". Atakwambia usijisumbue, wote wanasema hivyo. Muulize jirani yake chumbani alitumiwa nini na familia yake. Hapo ataongea mpaka bando liishe, na utajua anachotamani.

Wangu nilimuuliza hivyo akaanza kunisifia mwiko. Mwiko! Kumbe wikendi wanapikiana ugali wenyewe, na walikuwa wanasonga na kijiko kikubwa cha bati kinachopinda. Mwenzao mmoja akaletewa mwiko wa mninga kutoka kwao, ukawa unaazimwa kama gari la harusi. Nikamnunulia wake, nikamwambia mwanetu aandike jina la baba kwenye mpini kwa kisu cha moto. Alirudi nao. Ndio ninaopikia mpaka leo, jina limeanza kufutika.

Wa Mvita

Hamjambo. Mimi niko Mombasa, kakangu alikuwa Somalia na jeshi letu. Dadangu, jambo moja: kambini hakuna kifurushi cha mtu mmoja. Mama alimtengenezea achari ya maembe chupa kubwa akidhani itamfaa mwezi. Iliisha kwa chakula cha mchana kimoja, yeye akaramba mfuniko. Hakukasirika, ndivyo waishivyo, lakini mama alisikitika sana aliposikia.

Tangu hapo tukawa tunagawa mara mbili. Fungu la wote, vitu vya kuhesabika, mabuyu katika vipakiti vidogo vidogo, kila mtu chake. Na fungu lake, dogo, limefungwa mbali na kuandikwa kwa mkono wa mama. Hilo wenzake hawakuligusa hata siku moja.

Mpakiaji

Nafanya kazi za mizigo uwanja wa ndege, nitasema machache. Usimpe huyo ndugu mzigo uliofungwa gundi pande zote. Mfungulie mbele yake, aone na kushika kila kitu, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa. Juu kabisa weka karatasi ya orodha. Pawabenki haikai kwenye begi la chini, ni la mkononi tu. Dawa za hospitali zisiende bila cheti cha daktari, hata za maumivu muulize kwanza, kambini wana zahanati yao. Nguo yoyote yenye madoadoa ya kijeshi usiweke. Vimiminika acha.

Na kilo tatu ni kilo tatu. Pima na kopo lake, siyo vitu peke yake.

Hadija wa Ng'ambo

Tahadhari ndogo kabla sijasahau. Baada ya uzi kama huu huwa wanajitokeza watu faragha, "mimi niko kitengo cha usafirishaji misheni, mzigo wa mumeo umekwama, lipia kidogo utoke". Usilipe hata shilingi. Jirani yangu alilipa mara tatu. Ukihitaji njia rasmi, nenda kambi alikotokea mumeo, waliobaki pale wanajua mizigo ya familia inapita wapi na lini kikosi kinabadilishana zamu.

Mama Nuru

Asanteni sana, nimesoma kila jibu mara mbili. Mzee wangu, shikamoo, na Mungu amtunze mwanao.

Nimemuuliza kama MamaWawili alivyosema. Alicheka kwanza. Kisha akasema jirani yake aliletewa majani ya chai na iliki nzima, na usiku wakiichemsha watu wa vyumba vingine wanakuja kusimama mlangoni bila kusema wanataka nini. Akanyamaza. Halafu akauliza, "Nuru anavaa kiatu namba ngapi siku hizi?"

Sikuwa na namba kichwani. Leo asubuhi nimemsimamisha juu ya karatasi nikazungusha kalamu kwenye mguu wake. Alikuwa hatulii, kisigino kimetoka mara mbili, nimeacha hivyo hivyo. Na mdogo pia, wake umetosha kwenye kiganja changu.

Kwa hiyo: majani ya chai, iliki, kashata za karanga vipakiti thelathini, magazeti sita (baba mwenye duka amenipa manne bure alipojua yanakokwenda), soksi za pamba jozi tatu, ubuyu, na hizo karatasi mbili ndani ya bahasha ngumu zisikunjwe. Shati nimelishona upya, doa la achari halikutoka. Mwiko nimeuacha, wanao tayari.

Nimepima dukani, kilo mbili na gramu mia sita. Mama mkwe yuko njiani na dagaa wake, nimemwambia asizidishe gramu mia nne na kopo ndani yake. Tangu juzi anawaanika.