Kupunguza uchungu wa leba: sindano moja ya mgongo au epidurali?

Muuguzi_Leba: Wakuu, mama wa uzao wa kwanza, njia ya uzazi imefunguka sentimita 4, anaomba kupunguziwa uchungu. Apewe spaino (sindano moja ya ganzi kwenye maji ya uti wa mgongo) au epidurali (mrija mwembamba mgongoni, nje ya utando wa uti, wa kuongezea dawa)? Na epidurali ikishika upande mmoja tu, mnafanyaje?

GanziSalama: Kwa sentimita 4 uzao wa kwanza, weka mrija wa epidurali. Spaino ya leba (dawa ya ganzi bupivakaini mg 2.5 na dawa ya maumivu fentanili mikrogramu 15–25) hushika ndani ya dakika 5, ila saa moja na nusu au mbili baadaye imekwisha, na mama bado hajaanza kusukuma. Hiyo inamfaa mama wa uzao wa tatu aliyefika sentimita 8. Dozi ya upasuaji, mg 10 na kuendelea, usiilete leba kabisa: miguu inakufa ganzi, nguvu za kusukuma zinapotea.

Mrija ubaki ndani sentimita 4–5. Vuta bomba kwanza uone kama damu au maji ya uti yanarudi, kisha dozi ya majaribio, kuhakikisha mrija uko mahali pake: ganzi ya lidokaini 1.5% yenye adrenalini, ml 3. Mapigo ya moyo ya mama yakiruka ghafla, uko kwenye mshipa wa damu. Miguu ikilegea ndani ya dakika 5, umepita utando wa uti. Pakiwa shwari, bupivakaini 0.1% na fentanili, ml 5 kwa 5, hadi 10 au 15.

Mtaalamu_Usingizi: Upande mmoja mara nyingi ni mrija ulioingia mno. Urudishe sentimita 1–2, mlaze mama kwa upande unaouma, ongeza dozi. Nusu saa ikipita bila nafuu, toa uweke mpya. Wengi hapo humimina dawa tu, presha inaporomoka.

MkungaMzoefu: Presha kila dakika 5 kwa dakika 20 baada ya kila dozi. Ikishuka, mlaze ubavu wa kushoto, fungulia dripu, daktari wa usingizi atoe efedrini, ya kupandisha presha, mg 5–10. Usichelewe, mapigo ya mtoto hufuata. Na kibofu jamani! Mama hasikii mkojo, kikijaa kichwa cha mtoto hakishuki.

Muuguzi_Leba: Aliyekuwa kwenye enoxaparini (sindano ya kuzuia damu kuganda), mrija awekwe lini?

GanziSalama: Dozi ya kinga, subiri saa 12 tangu sindano ya mwisho. Dozi ya tiba, saa 24.