Tai anamaliza vitoto vya mbuzi, naomba ushauri

MfugajiRumuruti: Wadau, tai anamaliza vitoto vyangu hapa Laikipia, Kenya. Jana kaondoka na wa kilo 15. Nataka dawa ya haraka.

Kipanga: Fidia ya serikali sahau. Orodha ya wanyama wanaolipiwa fidia katika Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina simba, chui, fisi na mamba, tai hayumo. Ila analindwa, ukimuua una kesi.

MamaZizi: Ndugu, vinashinda wapi? Visiende machungani wiki 6 za kwanza. Juu ya kibanda weka waya wa kuku. Boma la miiba halimzuii anayeshuka kutoka angani. Mama zao wanyonyeshe asubuhi na jioni.

MfugajiRumuruti: Hayo nayajua. Nimesema haraka.

Mganga_wa_Mifugo: Haraka ipi? Umeshaweka kitu?

MfugajiRumuruti: Kuna mzoga nimeutia sumu. Uko juu ya mwamba, mbwa hawafiki. Msinihukumu, karo inatoka kwa hao mbuzi.

Mganga_wa_Mifugo: Tai mkubwa mwenye tumbo jeupe la madoa hupendelea windo hai. Watakaoshuka hapo ni tumbusi, ndege wala mizoga, tena kwa makundi. Botswana, 2019, mizoga 3 ya tembo yenye sumu iliua tumbusi 537. Na tumbusi wengi hutaga yai moja tu kwa msimu. Waite KWS, shirika la wanyamapori. Mzoga huo usiushike mikono mitupu, usiutupe mtoni.

MamaZizi: Kumwua kiumbe wa Mungu asiye na kosa ni dhambi, ndugu yangu.

Msemakweli: Mimi naona hadithi imetungwa. Tai huyo mwenyewe hafiki kilo 7, atabebaje mbuzi wa 15?

MfugajiRumuruti: Sijatunga! Sikumwona akibeba. Nilimkuta anamlia korongoni.

Mganga_wa_Mifugo: Basi hujui nani aliua. Chuna ngozi ya shingo na mgongo. Matundu ya makucha yenye damu iliyovilia chini ya ngozi: alishambuliwa akiwa hai. Matundu makavu: alikufa kwanza, tai kaokota. Alama za meno mawili mawili kooni, shuku mbweha. Hakuna jeraha ila macho yamedonolewa, hao ni kunguru. Tafuta kuhara au homa ya mapafu.

MfugajiRumuruti: Yupo aliyekufa leo, sijamchuna. Nikimaliza nitaamua kuhusu ule wa mwambani.

Mganga_wa_Mifugo: Wa mwambani kwanza, mkuu. Ufunike turubai sasa hivi, uweke mtu hapo hadi KWS wafike. Jua likishapasha ardhi joto, tumbusi wako angani wanautafuta.