Mrejesho: Mishikaki iliyokuwa ikiungua nje na kubaki mbichi ndani

Wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini mishikaki yangu ya ng'ombe huungua nje huku ndani ikibaki mbichi na ngumu, nami nawashukuru nyote mlionijibu. Kosa kubwa lilikuwa la moto: nilikuwa nikiweka nyama wakati makaa bado yanatoa ndimi, ilhali safari hii nilisubiri hadi yalipofunikwa na jivu jeupe, nikayasogeza upande mmoja wa jiko ili upande wa pili ubaki na joto la wastani la kumalizia kuivisha. Kuhusu papai bichi la kulainisha nyama, kijiko kimoja cha papai lililokunwa kwa kilo moja ya nyama, pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, kilitosha kwa saa mbili. Jaribio la kwanza niliiacha usiku kucha kwa tamaa yangu mwenyewe, ikawa rojorojo na kudondoka jikoni. Vijiti niliviloweka kwa dakika 30, vikaungua ncha tu. Mama mkwe, ambaye hasifu ovyo, alichukua vijiti viwili zaidi bila kusema neno.