Mliojifunza Kiesperanto, ile lugha ya kubuniwa, kimewafaa nini? Tupeane uzoefu

Kona ya Saba: Wakuu, jana mdogo wangu kanikuta nasema "Saluton!", yaani hujambo, peke yangu chumbani, akaenda kumwambia mama nimeingia dini ya ajabu. Wengi mlianza kipindi cha ule mkutano wa dunia wa Kiesperanto pale Arusha, Agosti 2024. Semeni ukweli, kimewafaa nini?

Binti Pangani: Sarufi. Shuleni kielezi kilinishinda kabisa. Huku nomino zote zinaishia -o, vivumishi -a, vielezi -e, basi nikaelewa. Na kusoma hakusumbui: irabu ni zetu zilezile tano, mkazo silabi ya pili toka mwisho.

Msema Kweli: Lugha ya 1887 mpaka leo haina nchi. Someni Kichina mpate kazi.

Binti Pangani: Chako kimefika wapi?

Msema Kweli: Nimeishia "ni hao", salamu tu. Tuendelee na mada.

Dereva wa Noah: Umenikumbusha mbali. Wiki hiyo nilikuwa nabeba wageni, nina miezi mitatu ya Kiesperanto cha kwenye simu. Siti ya mbele kakaa bibi wa Kijapani, Kiingereza hana. Foleni haisogei, jua kali, namwona anashika tumbo, macho kafumba. "Mi estas malsata." Mimi nikasikia malsana, mgonjwa! Aisee, jasho lilinitoka. Taa nikawasha, honi mkono haubanduki, mpaka hospitali. Nesi kashamfunga mashine ya presha, bibi anapunga mikono: "Manĝi! Manĝi!" Kumbe njaa. Sata ni aliyeshiba, malsata ana njaa. Herufi moja tu, wakuu. Nikampeleka kwa mama ntilie, akala chapati tatu huku anacheka mpaka machozi. Hadi leo tunaandikiana.

Kijana wa Ujiji: 😂😂 Chapati tatu!

Msema Kweli: Na presha alilipia nani?

Binti Pangani: Wewe si ulisema tuendelee na mada?

Mzee Kifimbo: Kona ya Saba mwanangu, anza na mal-. Bona nzuri, malbona mbaya. Unapata nusu ya kamusi bure.

Kijana wa Ujiji: Mzee shikamoo, ila hiyo mal- ndiyo iliyompeleka mwenzetu hospitali. Atafute mtu wa kuongea naye, simu aweke pembeni.

Mzee Kifimbo: Marahaba. Simu asiache, mie nilianzia huko.

Msema Kweli: Dereva, presha?

Dereva wa Noah: Mimi. Chapati alilipa yeye.

Kona ya Saba: Mama anauliza hiyo dini ina sadaka.