Setilaiti ya Uhuru ya Ngomeni iliona nini hasa?

Mwalimu wa Ngomeni: Assalaam alaykum. Wanafunzi wangu wanajua kwamba tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya kijiji chetu, na wamesoma kwamba ndiyo "iliyogundua shimo jeusi". Wananiuliza: ikiwa shimo jeusi haliachii hata mwanga utoke, Uhuru iliona nini? Tena kwa nini katika masomo hayo zitajwe darubini za redio (zinazopokea mawimbi ya redio kutoka angani), ilhali setilaiti ile ilipima eksirei?

Bint Shela: Wa alaykum salaam, Mwalimu. Eksirei hazitoki ndani ya shimo. Cygnus X-1, ndicho chanzo cha eksirei kinachosemwa, kilichomo katika kundinyota la Dajaja, ni jozi ya nyota kubwa ya buluu na mwenzake asiyeonekana, yaani shimo lenyewe; gesi inayopeperuka kutoka kwenye nyota hiyo hunaswa na mvuto wa mwenzake, ikazunguka kwa kasi na kusuguana hadi ikapata joto la mamilioni ya digrii kabla ya kutumbukia, na joto la kiasi hicho hutoa eksirei. Angahewa huzizuia zisifike ardhini (nasi ni heri yetu), ndiyo maana ikahitajika setilaiti.

Chanzo chenyewe kilikwisha kuonekana kwa roketi mwaka 1964. Uhuru ilionyesha kwamba mng'ao wake hubadilika mara kadhaa katika sekunde moja. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja upesi kuliko mwanga unavyokivuka, na katika sehemu ya kumi ya sekunde mwanga hukata kilomita 30,000 tu, ilhali kipenyo cha Jua kinakaribia kilomita milioni 1.4. Basi chanzo kile ni kidogo mno.

Nahodha wa Mambrui: Ni kweli, ila udogo peke yake hautoshi, kwani nyota ya nyutroni (mabaki ya nyota iliyolipuka, yaliyobanana mno) nayo ni ndogo. Kilichoamua ni uzito, na hapo ndipo redio ilipoingia. Uhuru haikuweza kuonyesha mahali penyewe kwa usahihi wa kutosha kuitambua nyota moja. Mwaka 1971 darubini za redio za Green Bank, Marekani, na Westerbork, Uholanzi, ziliona chanzo cha redio kikijitokeza wakati uleule eksirei zilipobadilika nguvu, na mahali pake palilingana na nyota HDE 226868, ndiyo ile nyota kubwa ya buluu. Wanafalaki Louise Webster na Paul Murdin, waliofanya kazi Uingereza, na Tom Bolton, aliyefanya kazi Kanada, wakagundua kwamba nyota hiyo huvutwa huku na huku kila baada ya siku 5.6 na mwenzi aliye mzito kupita nyota ya nyutroni yoyote, basi ni shimo jeusi. Vipimo vya redio vilivyotangazwa mwaka 2021 vinaliweka shimo hilo umbali wa miaka ya nuru 7,200, kwa uzito wa Jua mara 21. Kwa maoni yangu, kuipa Uhuru sifa yote ni kuwadhulumu watu wa redio.

Mwalimu wa Ngomeni: Nawashukuru nyote. Je, Malindi ingali na sehemu katika kazi hii?

Bint Shela: Ingalipo. Setilaiti ya IXPE, iliyorushwa Desemba 2021 kutoka Florida, hupokelewa data zake katika kituo cha Malindi. Mwaka 2022 wanafalaki waliitumia kupima mwelekeo wa mtetemo wa eksirei za Cygnus X-1, wakaukuta umelingana na mwelekeo wa mkondo wa chembe ambao darubini za redio huuona ukichomoka kando ya shimo. Kutokana na hayo walifahamu kwamba gesi ya moto mkali imetandaa juu ya sahani ya gesi inayolizunguka shimo, haikujipanga kuufuata mkondo ule.